Mtoto wa hapa na kura za hapa: majimbo ya ushindani ya Marekani yanatuambia nini

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*

Haya ni maneno ya Katibu Mwenezi wa Tawi katika darasa la Jumapili. Yanatumwa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa kazini, safarini na msibani. Mwenyekiti ameagiza yatumwe yote bila kukatwa. Hii ni orodha ya matangazo tu, usijibu hapa. Maoni yapeleke kwenye kundi la tawi. Ni marefu kidogo, lakini tafadhali yasome kabla ya kikao kijacho.

---



Wiki mbili hizi kundi letu la simu limewaka moto. Fomu za udiwani hata hazijaanza kutolewa, tayari tumegawanyika: huku "mzawa", kule "wa kuja". Na sasa kuna pendekezo mezani kwamba tawi litoe msimamo wa kutomuunga mkono mtu yeyote asiyezaliwa kata hii. Katika mabishano yale ndugu mmoja akaandika: "Hata Marekani wanafanya hivyo, mgombea mwenza anaangaliwa anatoka jimbo gani." Kamati ikanigeukia, wewe unayekesha na habari za nje, njoo utueleze kama ni kweli. Nimekuja.

Kwanza tuelewane maneno. Sisi tukisema "kura za maoni" tunamaanisha mchujo wetu wa ndani. Leo nitasema "tafiti za maoni", yaani zile za kupiga simu kwa watu na kuwauliza wangempa nani kura kama uchaguzi ungekuwa leo.

Pili, namna wenzetu wanavyompata rais. Hawahesabu kura za nchi nzima kwa pamoja. Kila jimbo lina idadi yake ya kura za wajumbe, jumla 538, na anayefikisha 270 ndiye rais. (Hawa si wajumbe wetu wa mchujo, wale mnaowajua. Naona wazee mmecheka.) Karibu kila jimbo humpa aliyeongoza wajumbe wake wote, hata akiongoza kwa kura moja. California inajulikana itakwenda wapi, Alabama vilevile. Kwa hiyo fedha, mikutano na matangazo hukimbilia majimbo machache ambayo hayajulikani yatalalia upande gani. Mwaka 2024 yalikuwa saba: Pennsylvania yenye kura 19, Georgia na North Carolina 16 kila moja, Michigan 15, Arizona 11, Wisconsin 10 na Nevada 6. Trump aliyachukua yote saba.

Humo pengo huwa dogo sana. Mwaka 2020 Biden alishinda Arizona kwa kura 10,457 na Georgia kwa kura 11,779. Kura elfu kumi, ndugu zangu, ni uwanja mmoja wa mpira na haujajaa. Ndiyo maana kila chama kinatafuta chochote cha kuongeza nusu pointi, na jambo la kwanza linalokuja kichwani ni hilihili letu: tumtafute mtoto wa kule.

Sasa nataka nikae Michigan, kwa sababu pale pana somo zima.

Mwaka 2012 chama cha Republican kilimsimamisha Mitt Romney. Huyu bwana alizaliwa Detroit, mji mkubwa wa Michigan, mwaka 1947. Baba yake, George Romney, aliongoza kampuni ya magari ya American Motors, kisha akawa gavana wa Michigan kuanzia 1963 hadi 1969. Ukisema mzawa, ukisema mtoto wa mwenye mji, ni huyo. Mpinzani wake alikuwa Barack Obama, aliyezaliwa Hawaii, baba yake mtu wa Kogelo, Siaya, hapo Kenya kwa jirani zetu. Kwa hesabu za kundi letu la simu, Michigan hapo imeshaisha.

Romney alishindwa Michigan kwa zaidi ya pointi 9.

Kwa nini? Mwishoni mwa 2008 viwanda vya magari vilikuwa vinazama. General Motors na Chrysler walikuwa wanaomba serikali iwaokoe. Romney akaandika makala kwenye gazeti la New York Times, akisema wasipewe fedha hizo, wapitie kwanza utaratibu wa kisheria wa kufilisika ili wajipange upya. Ukiisoma makala yenyewe, ana hoja za kiuchumi. Lakini kichwa cha habari, ambacho gazeti ndilo lililokiweka, kilikuwa kinasema waiache Detroit ifilisike. Jamani! Mtoto wa Detroit! Serikali ikatoa fedha, ya Bush ikaanza na ya Obama ikaendeleza, na viwanda vikapona. Ilipofika 2012, mfanyakazi wa Michigan hakuwa na haja ya kuuliza nani kazaliwa wapi. Alikuwa anajua nani alisema nini siku kibarua chake kilipokuwa mashakani.

Tena uzawa wake ulimponza. Mtu wa mbali angesema maneno yale, wangesema hajui. Yeye anajua, baba yake alitengeneza magari, na bado kasema. Kidonda cha ndugu kinauma zaidi.

Jirani pale, Ohio, nako hivyohivyo, maana viwanda vya vipuri vya magari vimejaa. Obama alishinda kwa kama pointi 3. Huko wapinzani wa Romney walileta habari ya kazi yake. Alikuwa mwanzilishi mmojawapo wa Bain Capital, kampuni ya uwekezaji inayonunua makampuni, inayapanga upya, kisha inayauza. Tangazo moja la televisheni lilimwonyesha mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi cha Marion, Indiana. Alieleza kwa utulivu tu kwamba yeye na wenzake waliambiwa wajenge jukwaa ndani ya kiwanda. Wakajenga. Siku chache baadaye wafanyakazi wakaitwa mbele ya jukwaa lile, na kutoka juu yake wakatangaziwa kwamba kiwanda kinafungwa na kazi hawana.

Watu wa Romney walijitetea kwamba Bain ilikuza makampuni mengine yakaajiri maelfu, na ni kweli, maduka ya Staples ni mfano. Lakini ukishaona jukwaa lile umeliona. Wasifu wa tajiri aliyefanikiwa, ambao yeye alidhani ndio mtaji wake, ukageuka kuwa ushahidi dhidi yake.

Sasa subirini. Miaka minne baadaye, 2016, anakuja Donald Trump. Mtu wa Queens, New York, mtoto wa tajiri wa majumba, hajawahi kushika cheo chochote cha serikali, Michigan hana shina wala tawi. Akashinda Michigan kwa kura 10,704. Akashinda Wisconsin kwa kura 22,748 na Pennsylvania kwa kura zaidi kidogo ya 44,000. Mtoto wa Detroit kashindwa, tajiri wa New York kapita!

Alichofanya ni kusimama mbele ya watu walewale na kuzungumzia viwanda vilivyohamia Mexico na China, na kusema mkataba wa biashara wa mwaka 1994 uliwaumiza. Kama alikuwa mkweli au la, kama alitimiza au la, hilo ni somo la siku nyingine, na najua humu ndani tuna maoni tofauti. Ninachosema ni kwamba aliligusa jambo lililokuwa linawauma. Upande wa pili, Hillary Clinton hakukanyaga Wisconsin hata mara moja baada ya kupitishwa rasmi na chama chake. Tafiti zilionyesha anaongoza, akaona kule ni kwake.

Na tusidanganyane kwamba ni rangi peke yake. Kuna kaunti zaidi ya 200 za Marekani zilizompa Obama kura mara mbili, 2008 na 2012, halafu 2016 zikampa Trump. Sehemu nyingi, watu ni walewale. Obama na Trump, mtu akitaka kutafuta wasifu uliotofautiana zaidi ya hapo atachoka.

Basi tuje kwa mgombea mwenza, ile hoja ya ndugu yetu.

Mwaka huohuo 2012, Romney alimchukua Paul Ryan, mbunge wa kutoka Janesville, Wisconsin. Agosti alipotangazwa, tafiti za Wisconsin zikaonyesha pengo limepungua. Watu wakashangilia. Septemba pengo likafunguka tena. Novemba Obama akashinda Wisconsin kwa karibu pointi 7, na Janesville kwenyewe, nyumbani kwa Ryan, wengi walimpa Obama. La kuchekesha ni kwamba siku ileile jimbo lake la ubunge lilimrudisha Ryan Bungeni, maana sheria ya kule ilimruhusu kugombea vyote viwili.

Kabla yake, 2004, John Kerry alimchukua John Edwards, seneta wa North Carolina. Wakashindwa North Carolina kwa zaidi ya pointi 12. Al Gore mwaka 2000 alishindwa Tennessee, jimbo aliloliwakilisha Bungeni na kwenye Seneti. Tunazungumza sana habari ya Florida na zile kura 537. Lakini Gore angeshinda nyumbani tu, Tennessee na wajumbe wake 11, angekuwa rais na Florida isingehitajika.

Mwaka 2024 palikuwa na kelele nyingi kwamba Kamala Harris alikosea kumwacha Josh Shapiro, gavana wa Pennsylvania, akamchukua Tim Walz wa Minnesota. Tuhesabu pamoja. Harris alipata wajumbe 226. Mpeni Pennsylvania yote, 19, kwa mkopo. Anafika 245. Bado. Na Walz naye, pamoja na ualimu wake, ukocha wake wa mpira wa Kimarekani na miaka 24 kwenye jeshi la akiba, hakuifanya Minnesota kuwa ngome zaidi: Biden alikuwa ameishinda kwa pointi 7, Harris na Walz wakaishinda kwa kama 4. Upande wa pili JD Vance ana simulizi ya umaskini wa Ohio iliyouzwa kama njugu kwenye kitabu chake. Alipogombea Seneti Ohio mwaka 2022, alishinda kwa kama pointi 6 wakati gavana wa chama chake, jimbo hilohilo, siku hiyohiyo, alishinda kwa 25.

Wasomi wawili, Christopher Devine na Kyle Kopko, wameandika vitabu viwili juu ya jambo hili, mwaka 2016 na 2020. Walichokuta ni kwamba kwa kawaida mgombea mwenza halileti jimbo lake. Anachofanya ni kuwapa wapiga kura picha ya aliyemchagua: huyu mkubwa anaamua kwa busara au anaamua kwa papara?

Sasa kuna watakaosema, Mwenezi umechagua mifano ya upande wako. Haki yenu. Nitawapa ya upande wenu, na ina uzito.

Joe Biden alizaliwa Scranton, Pennsylvania, akaondoka akiwa mtoto wa miaka kama kumi kwenda Delaware. Maisha yake yote ya siasa hakuacha kuitaja Scranton. Mwaka 2020 kaunti ya Lackawanna, ambamo Scranton imo, ilimpa ushindi wa kama pointi 8, wakati miaka minne nyuma Clinton alipata kama 3. Ongezeko hilo lilizidi la jimbo zima. Kwa hiyo kuna kitu pale, sikatai. Lakini mwaka 2012 kaunti ileile ilimpa Obama ushindi wa zaidi ya pointi 25. Mzawa aliongeza kidogo, hakurudisha kilichokwisha kupotea.

Na mfano wa "wa kuja" aliyeumia. Huu si wa urais, ni wa Seneti, lakini ni Pennsylvania hiyohiyo, 2022. Mehmet Oz, daktari wa televisheni, alikuwa ameishi miaka mingi New Jersey. John Fetterman, aliyewahi kuwa meya wa Braddock, mji mdogo wa chuma, akamshikia bango hapohapo: huyu si wa kwetu. Siku moja Oz akarekodi video akiwa sokoni, analalamikia bei ya mboga, na akakosea jina la duka alilosimama ndani yake. Basi! Fetterman alikuwa amepata kiharusi mwezi Mei, kuzungumza kulikuwa kwa shida, na bado alishinda kwa kama pointi 5.

Angalieni lakini kilichomwangusha Oz. Pennsylvania ina wahamiaji wengi tu wanaochaguliwa. Yeye alisema anajua shida ya bei, halafu kitendo chake kikaonyesha haendi dukani. Ni jambo lilelile la Romney. Wasifu haubebi kura peke yake. Unalisaidia neno la mgombea likifanana nalo, na unaliua likipingana nalo. Ndivyo ninavyoliona mimi, na ndiyo sababu yule shujaa John McCain, aliyekaa kifungoni Vietnam miaka mitano na nusu, aliongoza kwenye tafiti kidogo mwanzoni mwa Septemba 2008, kisha benki ya Lehman ikaanguka tarehe 15, na kuanzia hapo watu wakawa wanauliza habari za nyumba zao na akiba zao. Wasifu wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote, lakini haukuwa jibu la swali la mwezi ule.

Niseme kidogo juu ya tafiti zenyewe, kwa sababu humu kundini zinatumwa namba kila siku bila kujua zimetoka wapi.

Utafiti wa jimbo moja mara nyingi unauliza watu kama 800. Ni kuonja mchuzi kwa kijiko kimoja: sufuria ikikorogwa vizuri, kijiko kinatosha. Hata hivyo kwa watu 800 kila namba inaweza kupanda au kushuka pointi 3 na nusu hivi bila kosa la mtu yeyote. Na ikikorogwa vibaya ni hatari. Chama cha watafiti wa maoni wa Marekani kilipochunguza makosa ya 2016 kilikuta kwamba waliosoma vyuo walikuwa wepesi zaidi kujibu, nao walielekea kwa Clinton, na tafiti nyingi za majimbo hazikurekebisha hilo. Mwaka 2020, Wisconsin, wastani wa tafiti ulimpa Biden uongozi wa kati ya pointi 6 na 8. Alishinda kwa kura 20,682, chini ya pointi 1.

Sasa pimeni. Kama mzawa anaongeza pointi 1 au 2, na kipimo chenyewe kinakosea pointi 4 mpaka 7, anayekuambia "tafiti zinaonyesha mtoto wa hapa ndiye atakayeshinda" ameonaje? Kwetu hapa hata utafiti wenyewe hatuna. Tuna namba za kijiweni, na zile kura za kubonyeza simu ambazo mtu mwenye laini tatu anapiga mara tatu.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kuhusu pendekezo lililo mezani, mimi siliungi mkono, na nimesema mbele ya wote ili isije ikaonekana ninanong'ona. Kata yetu ina shida tatu ambazo kila mtu humu anazijua: maji ya bomba yanayotoka usiku wa manane, barabara ya kwenda zahanati, na ushuru wa soko usiojulikana unakwenda wapi. Kuna wazawa waliokuwa kwenye uongozi wa soko miaka ya ushuru huo, na wapiga kura wanawajua kuliko tunavyowajua sisi. Kuna wa kuja waliochimba kisima na majirani zao. Na kuna wa kuja ambao kata hii wanaiona kupitia kioo cha gari. Pendekezo hili likipita, tutakuwa tumewakata wa kisima na kuwaachia wa ushuru, kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa.

Wenye hoja tofauti wanayo nafasi yao, na wapo wazito, akiwemo mzee wetu aliyesema kwamba mgeni akishindwa ataondoka lakini mzawa atabaki na aibu yake hapahapa. Hoja hiyo nimelala nayo. Naomba ailete kikaoni aiseme mwenyewe kwa sauti yake, kwa sababu bado sijapata jibu lake zuri.



---

*KIKAO:* Jumapili ijayo saa 9 alasiri, ofisi ya tawi. Ajenda ni moja tu: pendekezo la mgombea mzawa. Watakaozungumza waandikishe majina kwa Katibu kabla ya Ijumaa jioni. Kila mmoja dakika 5. Kura itakuwa ya siri. Njoo na kadi yako ya uanachama.

Imetolewa na Ofisi ya Katibu Mwenezi wa Tawi